Nipe Masasi

Kipo kitendawili ambacho Newala hata mtoto anayejifunza kutembea anakijua: nikishuka ni mwepesi na mdomo wazi, nikipanda ni mzito na mdomo nimefungwa majani. Jibu lake ni ndoo. Kule watu wanakaa juu na maji yanakaa bondeni, na Mungu peke yake ndiye anayejua kwa nini alipanga hivyo.

Sijaona binti Muharami alikipata kitendawili hicho kwa bibi yake. Akampa mwanamume mmoja wa Masasi kwa mapenzi yake yote, kikageuzwa kuwa wimbo. Na Jumatano hiyo, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha barabara, alikuwa amekaa dirishani kwenye basi la kuteremka Masasi, mkoba ameupakata, midomo ameikaza, anakwenda kumuuliza mwanamume huyo wimbo ule amempa nani.

Hasira zake zilianza jana yake, dukani kwa Dominika. Dominika alisoma naye shule ya msingi, na tangu biashara za simu zifunguliwe kwa kila mwenye mtaji alikuwa na duka la intaneti karibu na soko. Alimwita kwa furaha. Wimbo wako, alimwambia, umefika mpaka Uarabuni, njoo uone maneno watu wanayoyaandika.

Mtandao wa Newala ni wa kuvuta kwa kamba. Picha ilianza kushuka kwenye kioo polepole, kama pazia linalofungwa na mtu mwenye usingizi. Zikaja nywele kwanza, nyeusi, ndefu, zimelazwa begani. Ukaja wanja. Ikaja pua yenye kipini. Ulipofika mdomo, Sijaona alikuwa ameshajua kwamba uso ule si wake na hautakuwa wake. Chini ya kidevu kukaandikwa: Mwimbaji, Zarina.

Halafu sauti ikaanza, na sauti ilikuwa yake yeye. Mwangwi ulikuwa ule ule wa tangi la maji la kwao, alimokuwa akiimbia. Hata kile kikohozi cha bibi katikati ya ubeti wa pili kilikuwapo.

Dominika alisema, "Labda wamekosea."

"Mtu hukosea herufi," Sijaona alisema. "Hakosei uso."

Katika maneno ya wasikilizaji lilikuwapo moja la Kiswahili, la mzee Mahmudu kutoka Mandvi, India. Aliandika kwamba sauti hii anaijua, ni ya mtoto wa Newala, je huyu wa kwenye picha ni nani? Hakuna aliyemjibu.

Hapo msomaji ataniuliza, mtoto wa Newala na Mandvi wapi na wapi. Mambo yenyewe yalianza na harusi. Sijaona aliimba kwenye harusi ya binamu yake, mtu akaichukua sauti kwa simu, sauti ikatembea kutoka simu hadi simu mpaka ikafika Mkomaindo, Masasi, kwenye duka la Mujibu. Mujibu alikuwa fundi wa redio na simu mchana, na jioni alipiga kinanda. Baba yake, marehemu, alikuwa Myao wa hapo hapo Masasi, mfanyabiashara. Mama yake ni Mkachi wa Lindi, mwenye asili ya India, na Kikachi ndicho alichombembelezea mwanawe. Huko mtandaoni Mujibu alikuwa amepata kijiwe cha watu wasiojuana kwa sura, wanaotunga nyimbo mpya za Kikachi na Kihindi. Mmoja hutoa maneno, mwingine tuni, mwingine sauti, kila mtu kwao, hawajawahi kupeana hata mkono. Ndiko alikokutana na mzee Mahmudu, mzaliwa wa Lindi aliyeondoka angali kijana, ambaye mpaka leo akiota huota kwa Kiswahili.

Maneno hutoka Mandvi. Mujibu humsomea Sijaona kwa simu, neno baada ya neno, na maana yake. Sijaona huimba, huiweka sauti kwenye memori kadi, kadi humkabidhi dereva wa basi. Siku ya pili Mujibu huifungia kinanda na kuipeleka mtandaoni.

Na mahali alipoimbia ni pa kuchekesha. Nyumba yao, kama nyingi za Newala, ina tangi la saruji la kukinga maji ya mvua yanayotoka batini. Kiangazi tangi hukauka. Sijaona alikuwa akishuka ndani kwa ngazi, anaimba humo gizani peke yake, bibi amekaa juu mdomoni mwa tangi, na kuta zinamrudishia sauti kama kanisa la Ndanda. Watu wa nchi za mbali waliuliza studio hiyo iko wapi. Mujibu alimwambia hajawajibu, kumbe aliwajibu kwamba iko Dar es Salaam. Hilo nalo Sijaona alilisoma kwa Dominika.

Kazi ikiisha simu haikatwi. Sijaona alikuwa anatega vitendawili, na Mujibu, ambaye kwa redio ni bingwa, kwa vitendawili alikuwa gogo. Kila akishindwa alitakiwa kutoa mji, kama desturi ilivyo. Alishampa Lindi, akampa Mikindani, akampa Chiwata na mikorosho yake, akampa Ndanda na kengele zake. Mji mmoja tu alikuwa anamnyima. Masasi, alikuwa anasema, haitolewi kwa simu. Masasi ni kwa mama, nitakupa siku nitakapokuingiza humo mwenyewe, mbele za watu. Na Sijaona alikuwa akicheka na kuifunika simu kwa mto ili bibi asisikie.

Picha hawakutumiana. Bibi alikataza. Alisema uso hauposwi kwa simu, mwenye haja na uso auendee. Kati ya Newala na Masasi umbali si mkubwa, ila adabu ndiyo ndefu, na baada ya Mujibu kutuma mjumbe kwamba wazee wake watakuja Ijumaa na posa, adabu ikazidi kurefuka. Mzee Muharami alikuwa ameshapaka ukuta chokaa na kuazima viti. Msichana anayesubiri posa haonekani stendi akipanda basi la kwenda kwa mchumba. Sijaona alilijua hilo vizuri. Alipanda.

*

Masasi ilimpokea kwa joto lake na yale majabali yake makubwa yaliyokaa kama watu walionuna. Duka hakulitafuta sana. Mkomaindo kila mtu alimjua fundi Mujibu, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapeleka uji hospitali alimwonyesha kwa kidevu.

Ndani palikuwa na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Kijana mmoja alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, chuma cha kuchomelea mkononi, mgongo ameupa mlango.

"Hodi hapa," alisema Sijaona.

Mkono ule ulisimama hewani. Hakugeuka. Alikiweka chuma chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, ndipo akasema, bado ameupa mlango mgongo, "Sijaona."

Neno moja tu la hodi, na alishamjua. Sijaona aliona kitu kinamlegea ndani ya kifua, akakikataza. Kisha Mujibu akageuka, na hilo likawa baya zaidi. Kwa miezi yote ile alikuwa amemshonea ile sauti uso wa kichwani mwake, uso mzuri wa kutosha. Huu ulikuwa mzuri kuupita. Kope ndefu kama za ndama, pengo dogo la mbele, alama ya moto kwenye kidole gumba ambayo alimsimulia siku alipoipata. Wakatazamana. Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele, wao hawakumsikia. Na jinsi Mujibu alivyomtazama, kuanzia ushungi uliorukiwa matope hadi viatu, halafu akarudi machoni akakaa hapo, ilikuwa ni kutazama kwa mtu aliyefungua zawadi akakuta ni kubwa kuliko boksi.

Ndicho kilichomuudhi. Kumbe macho anayo.

"Umekuja," alisema Mujibu. "Ijumaa tulikuwa tunakuja sisi."

"Zarina ni nani?"

Uso wa Mujibu ulizimika. Alivuta kigoda, akakifuta kwa kitambaa, akamkaribisha akae. Hakukaa. Alimuuliza kama amekula.

"Ni binti ya mjomba," alisema mwishowe. "Wa Lindi. Si jambo la kukutia wasiwasi, Sija. Ni picha tu. Wimbo ulikuwa unataka picha, na mimi yako sikuwa nayo. Bibi yako alikataa, si unakumbuka?"

"Ungeweka picha ya ndoo."

Mujibu alikitupia kitambaa begani.

"Wimbo ni wa ndoo," Sijaona aliendelea, na sauti yake haikupanda, ilishuka, kama inavyoshuka akiingia tangini. "Ungeweka ndoo. Ungeweka kinanda chako. Ungeweka jabali la Masasi, watu wakadhani linaimba. Picha sikukupa. Jina je, hilo nalo bibi alikunyima?"

Hapo ndipo pazia la mlango wa uani liliposogea, akatoka mama yake Mujibu, mwanamke mwembamba, mweupe, bangili hadi kwenye kisugudi. Nyuma yake alisimama msichana mwenye nywele za begani, sinia la vitumbua mkononi. Sijaona alizitambua nywele kabla ya uso, vile vile kama jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe mtoto wa Newala." Mama Mujibu alimtazama mwanawe, kisha mgeni. "Kwetu msichana aliyeposwa hajileti."

"Kwetu pia, mama. Lakini bado sijaposwa. Nimekuja kufuata kitu changu kilichopotea, nikishakipata nitarudi kukaa ndani."

Mama Mujibu alisema jambo lenyewe dogo, halina haja ya kusafiri. Akaeleza kwa upole wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Watu wanaosikiliza nyimbo hizi, alisema, ni Wakachi wa huku na wa ng'ambo. Wanataka kuona mmoja wao. Wakiona msichana wa uwandani, wa huko juu Newala, watasema nini? Watasema ni mchezo. Hawatasikiliza hata ubeti. "Na wewe lugha yenyewe huijui, mwanangu. Unaimba ulichofundishwa. Kasuku naye hufundishwa akaimba, lakini hatumwandiki jina."

Mujibu alisema, "Mama," lakini alilisema kwa chini mno, likaanguka sakafuni likabaki hapo.

Sijaona alisubiri aliokote. Alisubiri aongeze neno la pili. Halikuja.

"Mama," alisema yeye, "nitakujibu na usinihesabie ujeuri. Kitendawili cha ndoo alinipa bibi yangu, nami nilimpa huyu, huyu akampelekea mzee Mahmudu, mzee akakivisha Kikachi. Kwa hiyo wa kwanza kufundishwa wimbo ule ni Mandvi. Pale mnapoimba pani, mimi naimba maji niliyoyabeba kichwani toka bondeni tangu sijaota meno ya ukubwani. Sasa kasuku hapo nani?"

Yule msichana mwenye sinia aliguna, na mguno wenyewe ulikuwa wa kicheko kilichobanwa. "Nami niseme, shangazi?"

"Nyamaza, Zarina."

"Nimenyamaza tangu wiki iliyopita." Aliliweka sinia juu ya redio. "Dada, mimi sikuulizwa. Picha ile nilipigwa harusini kwa kaka yangu, nikala na pilau yangu nikarudi kulala. Nikija Masasi kumsalimu shangazi nasikia mimi ni mwimbaji. Juzi sokoni wanawake wamenishika kanga, imba kidogo, mwali, imba. Niimbe nini? Nikiita kuku, kuku wanakimbia."

Sijaona hakutaka kucheka, akacheka, kidogo, na kicheko kikamwongezea uchungu, maana alimpenda msichana huyu papo hapo, na ingekuwa rahisi zaidi kumchukia.

Mama Mujibu hakucheka. Alikaa kwenye kile kigoda ambacho mgeni alikikataa, akaanza kuzizungusha bangili zake. Alisema wasimwone mbaya. Alipoolewa na Myao, dada zake wa Dar es Salaam walimfuta. Hawakumpigia hata salamu za Idd, mumewe alikufa hawakuja. Mwaka huu wimbo ukawafikia. Simu ikalia, dada mkubwa analia upande wa pili, anauliza ni mtoto gani huyu anayeiimba lugha ya mama yetu namna hii. "Nikasema ni wa nyumbani. Ulimi ukanitangulia. Ndipo wakataka kumwona." Alimwinulia Sijaona macho, na kwa mara ya kwanza macho yale hayakuwa makavu. "Nimepata ndugu zangu baada ya uzee. Unataka niwaambie nini?"

Hasira ya Sijaona iliyumba hapo, sitaficha. Ni vigumu kumkasirikia mtu aliyeshika jeraha lake mkononi. Lakini alipomtazama yule mama, aliona kitu kingine vile vile.

"Mama, siku ulipoletwa Masasi harusi, Baba Mujibu aliweka picha ya nani mlangoni?"

"Picha gani?"

"Ya mwanamke mwingine. Wa Kiyao, labda. Ili watu wake wasiseme."

Mama Mujibu aliacha kuzungusha bangili. Sijaona hakumsukuma. Alimgeukia mwanawe.

"Wewe. Zungumza wewe. Nimesafiri kuja kukusikia wewe."

Mujibu alijaribu. Alisema alijua si haki. Alisema alidhani ni kwa muda tu, wakishaoana, mama akishamzoea, angebadilisha taratibu, jina kwanza halafu picha. Alisema hakulala vizuri tangu aliposoma maneno ya mzee Mahmudu. Kisha macho yake yakang'aa kama mtu aliyekumbuka dawa iko wapi, akaivuta kompyuta yake ya mezani, akabonyeza hapa na pale kwa haraka ya fundi. "Subiri. Subiri uone." Akabonyeza mara ya mwisho, akamgeuzia kioo, uso umejaa matumaini. "Nimeufuta. Haupo tena. Wala Zarina hayupo."

Sijaona alitazama pale palipokuwa na wimbo. Palikuwa peupe.

"Umefuta," alisema.

"Wote. Hakuna atakayeiona picha ile tena."

"Na maneno ya watu?"

"Yamekwenda nayo."

"Na ya mzee Mahmudu?"

Mujibu alianza kuelewa. Mikono yake ilishuka polepole kutoka kwenye vibonyezo.

"Mujibu," alisema Sijaona, "duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyesimama hadharani akasema sauti hii ni ya mtoto wa Newala. Mzee ambaye hatujamwona, yuko ng'ambo ya bahari. Wewe, uliyenipa Lindi na Mikindani, hukumwitikia. Na leo umemnyamazisha. Mimi nilikuja nikuombe uniweke. Wewe unanionyesha ulivyoniondoa, na unataka nikushukuru."

"Nilidhani..."

"Ulidhani aibu ni picha. Aibu ilikuwa kunificha, na sasa umenificha zaidi. Nipe kadi yangu."

Tangi lilikuwa limeshaanza kujaa mvua, wote wawili walilijua hilo. Sauti ile isingepatikana tena mpaka kiangazi kirudi. Mujibu alifungua droo, akaitoa kadi, ndogo kama ukucha, akaiweka kiganjani mwa Sijaona. Vidole vyao vikagusana kwa mara ya kwanza maishani. Hakuna aliyevuta mkono haraka. Hakuna pia aliyeukamata wa mwenzake.

Sijaona alikwenda hadi mlangoni, akasimama. Zarina alikuwa ameshika shavu. Mama Mujibu alikuwa anatazama sakafu.

"Kitendawili," alisema Sijaona.

Mujibu aliitika, "Tega."

"Nimezaa mwanangu mwenyewe, kwa jirani kapewa uso."

Jibu alilijua. Kila aliyekuwamo dukani alilijua, hata kuku wa Zarina wangelijua. Lakini kulisema lilikuwa ni kulisema mbele ya mama yake, na Mujibu alimtazama mama yake, akamtazama Sijaona, akamrudia mama, kama mtu aliyesimama kati ya njia mbili za gari.

"Umeshindwa," alisema Sijaona kwa upole. "Nipe mji. Nipe Masasi."

Redio iliyofunguliwa tumbo ilikwaruza peke yake. Mama Mujibu aliinua kichwa. Na Mujibu, Mungu amsamehe, Mujibu mwenye kope za ndama, akasema kwa sauti ya chini:

"Nakupa Ndanda."

"Ndanda nilishapewa zamani," alisema Sijaona, akatoka.

*

Basi la kurudi Newala lilikuwa limeshawashwa moto lakini halijajaa, na dereva hana haraka ya kubeba viti vitupu. Sijaona alikaa dirishani. Machozi aliyoyazuia dukani yalikuja sasa, akayafuta kwa pembe ya kanga kwa hasira, moja moja, kana kwamba kila moja ni mdudu. Alishaamua mambo yake. Kadi ataipeleka kwa Dominika. Wimbo utapanda kama ulivyo, bila kinanda, na kikohozi cha bibi ndani yake, na jina lake juu yake. Mzee Mahmudu atauona. Baba ataambiwa arudishe viti vya watu.

Wauza korosho walikuwa wanazunguka madirisha. Mmoja akasema, "Huyo naye vipi," na wengine wakageuka.

Mujibu alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa hospitali, kandambili moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi, kitambaa cha kufutia redio bado begani. Watu walimjua, wakampisha huku wakimwita, fundi, kulikoni, nani kafa. Hakuwajibu. Alipita chini ya madirisha akitazama moja baada ya jingine mpaka akamkuta.

"Masasi," alisema. Pumzi zilimwishia. Akashika ubavu wa basi, akavuta hewa, akasema tena, na safari hii alisema kama mpiga mbiu, stendi nzima isikie. "Nakupa Masasi. Sijaona binti Muharami wa Newala, nakupa Masasi, mbele za watu hawa, na mama yangu nimemwambia kabla sijatoka."

Abiria wote walikuwa wamehamia upande ule wa basi. Mama mmoja mwenye kuku alimwambia jirani yake anyamaze asikie.

"Mama amesemaje?" aliuliza Sijaona.

"Hajasema. Nimemwacha anatafuta mtandio wake. Sijui anakuja kunitukana au anakuja kukuomba radhi."

Sijaona alimtazama kutoka juu. Alitamani kuteremka, miguu yenyewe ilitamani. Alitamani kumfuta jasho lililokuwa linamtiririka mpaka kwenye mdomo wenye pengo. Lakini mwanamke aliyekwisha kupanda na ndoo haimwagi njiani kwa sababu mtu kamchekea.

"Ukipewa mji unatoa jibu," alisema. "Jibu ni wimbo wangu. Na Masasi nimeipokea. Nilikwenda Masasi, nikamkuta mwenyeji kajificha nyuma ya mama yake, vitumbua nikaviona sikuvila, nikarudi kwetu na kiu."

Watu walicheka. Mujibu hakucheka, ila aliinamisha kichwa, akakubali kama mtu anayepokea mzigo uliokuwa wake tangu mwanzo.

"Wimbo nitaupandisha mwenyewe," Sijaona aliendelea. "Ukitaka kuufungia kinanda, utaniomba, nami nitafikiri. Aliyefuta ushahidi wa mzee Mahmudu atamwandikia mzee, atamweleza kwa mkono wake alichofanya, asimtaje mama. Dada zake mama nao waambiwe mwimbaji ni mtoto wa nyumba gani."

"Nitawaambia."

Dereva alikanyaga mafuta. Basi likatetemeka, likaanza kujivuta. Mujibu alitembea nalo sambamba, mguu mmoja peku kwenye kokoto za moto, hakuonekana kuzisikia.

"Na Ijumaa?" aliuliza. "Sija, Ijumaa tuje?"

Sijaona alijifunga ushungi vizuri kwanza.

"Njooni," alisema. "Baba atawauliza mlangoni mmekuja kwa nani. Mkisema mmekuja kwa mwimbaji wa wimbo wa ndoo, na jina lake mkalitaja ninyi wenyewe, mama yako akiwa wa kwanza kulitaja, basi chai itachemshwa. Mkitaja kingine mtarudi na kiu yenu. Newala maji yanatoka mbali, hatuyachemshii mtu asiyetujua."